Tupeane uzoefu: sherehe nyumbani, keki umeoka mwenyewe, wageni ni rafiki zako

Jiko la Uani

Wadau, habari za jioni. Mwisho wa mwezi rafiki yetu anahamia Mwanza kikazi, na sisi wenzake tumekubaliana tumuage kwangu Temeke, si ukumbini. Ni watu kama ishirini na tano, na wengine watakuja na watoto. Keki naoka mwenyewe. Oveni sina, nina jiko la mkaa, sufuria mbili za kuingiliana na mchanga, na keki zangu hutoka, kwa hiyo naomba asije mtu kuniambia nikanunue.

Kinachonipa mawazo ni mambo mawili. La kwanza, nimekwenda sherehe nyingi za majumbani ambazo mwenye nyumba tunamwona mgongo tu. Yuko jikoni anakaanga sambusa mpaka watu wanaaga, na picha zote hayumo. La pili ni hela. Ukitamka neno mchango, tayari kuna kamati, mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa kukumbusha ahadi usiku wa manane. Ukinyamaza, mzigo wote wa mwenye nyumba. Nyie mnafanyaje? Naomba waliofanya, si waliosikia.

Nianze na changu, maana najua kuna watakaouliza habari ya mkaa. Mchanga naupasha kwanza kwenye sufuria kubwa, robo saa hivi, ndipo naingiza ile ndogo yenye rojo ya keki. Nikishafunika, makaa mengi yanakwenda juu ya mfuniko na chini nabakiza machache yaliyoanza kuvaa majivu. Anayefanya kinyume atapata kitako cheusi na katikati uji. Nusu saa ya kwanza sifunui, hata harufu ininong'oneze nini. Baada ya hapo ni kijiti. Kikitoka kikavu natoa. Kipimo changu ni unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai manane yakiwa madogo, beking pauda vijiko viwili vya chai, maziwa kidogo ya kulegeza na ganda la limau lililokwaruzwa. Kwa watu hao naoka mbili za hivyo na kuzipandanisha.

Mpita Njia

Mkaa wa siku hizi na bei ya trei ya mayai, si bora ukaagize keki ya kilo mbili uletewe mlangoni?

Jiko la Uani

Nilishasema.

Binti wa Ng'ambo

Shoga yangu, hilo la kuonekana mgongo tu nina dawa yake, na sikuibuni mimi, ni ya wazee wetu wa Unguja. Tazama wanavyojitayarisha na sikukuu. Idi huku tunaila siku nne, wageni wanaingia asubuhi na jioni, na hakuna mama anayekaa jikoni siku zote hizo. Anaweza vipi? Kwa sababu vitu vya mkononi vilishapikwa wiki iliyotangulia.

Kwa hiyo kabla hujauliza upike nini, uliza kipi kinasubiri na kipi hakisubiri. Vileja vinasubiri. Biskuti zinasubiri. Visheti vinasubiri sana, mradi shira yako umeipika mpaka ikawa nzito, ukivitia na kuvigeuzageuza inavigandia na kuwa nyeupe. Shira nyepesi itavilowesha na kesho yake utakuta vimelegea. Vileja navyo usivitoe kwenye treya vikiwa moto. Ule ni unga wa mchele na samli, hauna kinachoushika kama unga wa ngano, ukivigusa mapema vinakuvunjikia vyote. Viache vipoe kabisa, kisha ndani ya kopo la mfuniko wa kukaza, na kopo lenyewe ulifiche. Nasema ulifiche kwa sababu una watoto.

Mkate wa kumimina uko katikati. Mchele unarowekwa usiku, asubuhi unausaga na tui zito, hiliki na hamira mpaka uwe laini, unatia sukari, unaacha uumuke utoe mapovu. Kabla ya kumimina unachanganya ute wa yai uliopigwa. Unaupika asubuhi, alasiri umeshapoa na unakatika vizuri. Ukiukata moto utakunatia kisu na watasema mbichi.

Kaimati hazisubiri. Kaimati nzuri ni ile iliyotoka kwenye karai sasa hivi, ikikaa saa mbili inakuwa kitu kingine. Kama unazitaka, basi awepo mtu wa kuzikaanga ambaye si wewe. Mimi nina sharti moja: siku yenyewe jikoni kwangu hukaangwa kitu kimoja tu. Saa kumi jiko limezimwa, nimeoga, nimejifukiza udi, nimekaa kitini kama mgeni. Anayenikuta na kanga ya jikoni saa hiyo ujue amewahi mno.

Na jambo la sahani. Utaazima kwa jirani, sote twaazima. Ukirudisha usirudishe tupu, tia hata vileja vinne. Mwezi ujao utaazima tena.

Kisauni Moja

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hilo la mchango sisi kwetu twalikwepa hivi: hatuchangi pesa, twagawana vyungu. Kila mtu atajwa kwa jina na chungu chake. Huyu mbaazi, yule viazi karai, huyu wa tatu matunda. Ukisema "kila mtu alete chochote", dadangu, utapata soda kumi na mbili na mkate wa duka.

Lakini kugawa kuna akili yake. Asiyejua kupika mpe barafu na vinywaji, naye atafurahi. Mwenye kuchelewa usimpe vikombe wala chumvi; mpe tikiti maji, litakatwa mwisho. Na mwenye mkono mzuri wa kupika usimlundikie vyungu vitatu kwa kuwa tu hakatai. Huyo ndiye atakayeacha kuja.

La pili, nani kasema sherehe lazima iwe jioni? Mimi rafiki zangu nawaita asubuhi, Jumamosi au Jumapili. Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa, na keki katikati ya meza. Mahamri nayakanda usiku na tui na iliki, yalala yaumuke, alfajiri nasukuma na kukata, watu wakifika yametoka karaini. Gharama si nyingi, watoto hawajachoka wala kulia, na adhuhuri kila mtu keshaenda zake. Mwenye nyumba alala mchana!

Jiko la Uani

Hili la asubuhi sikuwa nimelifikiria kabisa. Dar watu Jumamosi asubuhi wanakubali kweli?

Kisauni Moja

Waambie kuna mahamri ya moto.

Baridi Tupu

Mimi niko Mbeya, nilihamia huku kutoka Tanga. Naongeza kitu kimoja kwa wanaooka, maana rafiki yenu anahama na huenda naye anaoka. Kipimo cha keki kinachokubali pwani hakiji huku hivihivi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu haikandamizi sana, kwa hiyo mapovu ya beking pauda yanatanuka upesi kabla unga haujaiva ukayashika. Keki inapanda vizuri, unafurahi, halafu inadidimia katikati.

Ninachofanya ni kupunguza beking pauda kwa robo yake, naongeza maziwa vijiko viwili vya chakula kwa kuwa huku unyevu hukauka haraka, na moto nauongeza kidogo. Maji yenyewe huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana na maharage yanatutesa. Mwanza si juu kama huku, lakini ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100. Basi kwenye zawadi mtakazompa, mwandikieni kipimo cha keki yenu na maelezo hayo pembeni.

Sato wa Kuchoma

Mwanza tunaoka vizuri tu, mleteni. Mimi sijawahi kupunguza chochote.

Baridi Tupu

Una mkono mwepesi wa beking pauda, ndugu yangu, ndiyo siri yako na hujui.

Oda ni Oda

Niko Dodoma, naoka keki za kuagizwa, hivyo la hela nalijua kwa upande mwingine. Ukishajulikana unaoka, kila rafiki ana mtoto wa kipaimara, dada wa kuagwa, mume anayetimiza miaka arobaini. Na wote wanasema "tutaongea". Tutaongea haijawahi kununua trei ya mayai.

Utaratibu wangu ni huu na hakuna aliyenichukia. Keki ya zawadi ninaiamua mimi, si anayeiomba. Nikiamua ni zawadi, silalamiki na wala sitaji bei hata kwa utani. Isiyo zawadi, rafiki analeta vitu kabla: unga, siagi, sukari, mayai, mpaka krimu. Mimi natoa mkono na moto. Nimegundua mtu anayeona uzito wa kutoa pesa taslimu haoni uzito wa kubeba mayai. Kwa sherehe yako, dada, ningesema wazi kwenye kundi lenu: keki yangu, vitu vya keki vyenu. Kila mmoja atajwe na kitu, kama alivyosema wa Mombasa. Hapo hakuna mweka hazina, kwa sababu hakuna hazina.

Tui la Kopo

Assalaam alaykum kutoka Muscat. Mimi nimezaliwa huku, wazee wangu ni wa Unguja, na nyumbani ni Kiswahili na mkate wa kumimina mpaka leo. Nazi za kukuna zinapatikana kwa tabu, natumia tui la kopo, nalipunguza na maji kidogo kwa kuwa ni zito kupita tui la kwanza, na mkate unaumuka kama kawaida. Bi Ng'ambo usikasirike.

Huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, basi rafiki hukutana siku hizo, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo. Nawapa mbinu mbili. Sambusa nazifunga siku yoyote nikiwa na nafasi, zinaingia kwenye friza zikiwa mbichi, na siku ya wageni zinakwenda moja kwa moja kwenye mafuta zikiwa na barafu yake. Usizitoe ziyeyuke kwanza, manda zitalowana na kugandana. Mbinu ya pili nimeiokota kwa Waarabu wa huku: wageni wakiingia tu, halua na kahawa ziko mbele yao. Mgeni akiwa na kikombe mkononi hajui kama chakula kimechelewa.

Binti wa Ng'ambo

Tui la kopo kwenye mkate wa kumimina! Haya, kwa kuwa uko mbali nimekusamehe. La sambusa uko sawa.

Mlima Nyuma

Nyote mnazungumza keki za unga. Huku Moshi ukisema keki kwenye sherehe kubwa, wazee wanatazama mlango atakapoingilia ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa kwenye meza, majani mdomoni. Anakatwa na kulishwa watu kama keki, wengine tunasema ndiyo keki yenyewe.

Lakini kwa sherehe ya rafiki ishirini na tano uani Temeke sikushauri, mama. Ndafu anataka moto wa saa nyingi, fundi wake, na wanaume wa kukaa naye huku wakigeuza. Wanaume hao nao watataka kinywaji cha kukaa nacho. Mpaka mbuzi aive, sherehe yako imehamia kwenye moto na keki yako imekaa peke yake sebuleni.

Mpita Njia

Hapa sasa ndio uzi umenoga. Na vipi habari ya kumwagiana maji? Vijana wa ofisini kwetu mtu akiwa na siku ya kuzaliwa anarudi nyumbani kaloa mpaka soksi.

Jiko la Uani

Kwangu atakayemwaga maji sebuleni atalala akipiga deki. Uani ruksa, simu ziwekwe ndani kwanza, na aliyevaa hariri aachwe.

Haya wadau, nimewasoma wote na nimeshaandika kwenye kundi letu. Tumekubaliana Jumapili asubuhi, saa tatu. Wanaokwenda misa ya kwanza watapitia kwangu wakitoka. Keki naoka Jumamosi, hivyo mkaa wa Jumapili ni wa chai na mahamri tu. Vileja nimeshamtafuta mama mmoja wa Kizanzibari mtaa wa pili anielekeze kwa mkono, maana kwa kusoma tu naona bado. Vitu vya keki wamegawana, mayai yamekwenda kwa yule ambaye kila siku anasema hana hela, na amekubali bila neno. Oda ni Oda, umesema kweli tupu. Sambusa nimeziondoa. Mbaazi amepewa dada mmoja ambaye hajawahi kuzipika za nazi, amesema atazipitia sokoni Jumapili alfajiri akija.

Kisauni Moja

Alfajiri ya siku yenyewe? Mbaazi kavu zarowekwa usiku kucha, na kwenye mkaa zataka muda wake kabla hazijaonja tui. Mpigie leo. Azinunue Ijumaa, Jumamosi usiku ziwe majini, na akikataa mwambie akuletee barafu, mbaazi uzipike wewe.

Jiko la Uani

Nampigia sasa hivi.