Giardia kwa mtoto wa dei kea

Wakuu, binti yangu kapimwa choo hapa Mbagala kakutwa na giardia (vijidudu vya utumbo), anaharisha mafuta mafuta na tumbo gesi tupu, dei kea nimrudishe lini?

> Pole mama. Kuharisha kuishe kwanza, ila hata akipona anaweza kuendelea kutoa vijidudu chooni wiki kadhaa, kwa hiyo mikono kwa sabuni na maji tiririka kila ukimbadilisha pampasi, sanitaiza msiitegemee.

> Mnakunywa maji ya kisima? Klorini peke yake haitoshi kwa hao, wana ganda gumu. Chemsha, yakitokota dakika moja tayari.

> Wadogo zake wakiharisha wapimwe, msigawane Flagyl (dawa ya hao vijidudu) ya dada yao jamani dozi inaenda na kilo. Na mwalimu mwambie bwana, watoto wengine wanashea poti hapo