Skonzi za Jumamosi (kikundi cha wazazi wa darasa la pili, mtaani kwetu Magomeni)

ALHAMISI

Dada Neema: Habari za jioni majirani. Mwalimu kakumbusha: Jumamosi saa 3 asubuhi watoto wanatusomea vitabu pale shuleni chini ya mwembe. Chai wanapika wao, vitafunwa ni juu yetu. Watoto 42, na wazazi tukijitokeza kama mwaka jana tutagonga mia.

Mama Happy: Mimi naleta keki 🎂

Mama Nasri: Ya krimu?

Mama Happy: Ndiyo, ile ya ngazi mbili

Mama Nasri: Shoga, yaliyonikuta mimi! Mahafali ya chekechea ya Nasri, shule ile ya zamani. Nimepakata keki kwenye bajaji, foleni, jua la saa 5. Naondoka nyumbani imeandikwa HONGERENI. Nafika imebaki HO, herufi nyingine zote ziko kwenye dera langu.

Baba Karim: 😂😂😂

Mama Happy: Haya, bila krimu basi

Dada Neema: Na ataikata nani? Sahani hakuna, meza ziko mbili na moja ni ya vitabu. Tutafute kitu cha kushika mkono mmoja, maana mkono wa pili una kitabu.

Baba Karim: Si tununue maandazi pale kona? Moja 200, mia moja elfu 20, tumemaliza, tulale.

Dada Neema: Vya kukaanga mwalimu kakataa. Mwaka jana tulipeleka vitumbua, na nimekiona kitabu kimoja kilichobaki. Ukurasa wa simba una alama ya dole gumba la mafuta, mpaka maandishi ya upande wa pili yanasomeka.

Baba Karim: Half keki je?

Bibi Zuwena: Half keki inakaangwa, mwanangu. Keki ni jina tu.

Baba Karim: Shikamoo Bibi, sikujua umo humu

Bibi Zuwena: Marahaba. Nimo, nilikuwa natafuta miwani.

Mama Happy: Mimi nina kopo zima la siagi ya karanga, nioke biskuti?

Mama Zai: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:41)

Baba Karim: Mama Zai niko kwenye daladala, andika

Mama Zai: Nimesema karanga hapana jamani. Zai zinamdhuru. Kipande cha kashata kilitulaza hospitali, midomo imevimba mtoto hata sauti haitoki. Na ufuta daktari kamkataza vilevile.

Dada Neema: Pole mpenzi. Karanga na ufuta vimetoka. Na anayeoka asitumie trei iliyookewa karanga, hata kama ameisuuza.

Mama Happy: Nisamehe Mama Zai, sikujua 🙏

Mama Nasri: Mkate wa mayai?

Bibi Zuwena: Huo ndio rahisi kuliko yote. Mayai 6, kikombe cha sukari, kikombe cha unga, hiliki. Hamira hakuna, mafuta hakuna. Unapiga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, ukiinua mwiko yanadondoka kama utepe. Unga unaingiza taratibu kwa mwiko, usipige tena.

Baba Karim: Mkate mmoja vipande vingapi Bibi?

Bibi Zuwena: 16 ukikata kwa adabu.

Baba Karim: Watu mia ni mikate 7. Mayai 42. Trei nzima na dazeni juu. Mimi ndiye mweka hazina, nasema hapana kwa heshima zote.

Bibi Zuwena: Basi nitafanya vileja. Kilo ya unga wa mchele, nusu ya samli, nusu ya sukari, mayai manne, hiliki ya kutosha, natoa mia. Navioka kesho mchana, vinakaa kwenye kopo hata wiki.

Mama Nasri: Bibi vileja vyako navipenda, ila vinamwagika unga. Mtoto akiuma mara moja, nusu iko kwenye kitabu.

Mama Zai: Na samli ile ile ya dole gumba

Bibi Zuwena: ...

Baba Karim: Jamani mmemkasirisha Bibi

Bibi Zuwena: Sijakasirika, nilikuwa naweka miwani chajini.

Bibi Zuwena: Simu. Naweka simu chajini. Sikilizeni. Watoto wapeni skonzi. Vileja tunavitoa vitabu vikishakusanywa, wakubwa wanakunywa chai.

Dada Neema: Hapo sasa ❤️

Mama Nasri: Skonzi mimi naweza. Kilo ya unga inanitolea 28 ndogo, kwa hiyo kilo 4. Nakanda kwa maziwa ya vuguvugu, hamira kijiko kimoja cha chakula kwa kila kilo, siagi kidogo. Juu nilizoea kupaka shira ya sukari zing'ae.

Bibi Zuwena: Shira inanata vidoleni. Paka maziwa, zitang'aa vya kutosha.

Mama Happy: Nipe kilo 2 nikusaidie. Keki nimeiacha rasmi.

Mama Zai: Nyama sina oveni, ila nina makawa mawili, la kijani na la ukili. Nzi wa pale mwembeni nawajua.

Mama Zai: *Mie sina. Simu hii 🤦

Baba Karim: Tulishaanza kusubiri sambusa

IJUMAA

Bibi Zuwena: Vileja tayari. Vitatu vimevunjika kwa sababu mjukuu amevitoa kwenye trei bado vya moto. Kileja ukikigusa kabla hakijapoa kinakuwa unga tena. Vilivyovunjika amekula yeye, nadhani ndiyo ilikuwa nia.

Mama Happy: 56 zangu zimetoka 🙌 Nyumba nzima inanukia

Mama Nasri: JAMANI UMEME

Mama Nasri: Umekatika na mimi nina trei 4 zimeumuka ziko mezani. Uniti zipo, ni mtaa mzima. Zikiendelea kuumuka hivi zitachacha na kuporomoka.

Mama Happy: Kwetu umekatika sasa hivi pia. Leo Mungu kanipenda

Bibi Zuwena: Usihangaike. Friji lako bado lina ubaridi?

Mama Nasri: Ndiyo

Bibi Zuwena: Trei tatu ingiza humo, hamira italala. Usifungue fungue mlango. Ya nne ipange kwenye sufuria, uje nayo kwangu.

Mama Nasri: Sijawahi kuoka kwa mkaa Bibi, nitaziunguza

Bibi Zuwena: Mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko, chini uache wa kubabaisha tu. Watu wanafanya kinyume, skonzi inaungua tako kabla kichwa hakijajua kama kuna moto. Baba Karim, una jiko la pili?

Baba Karim: Ninalo, naleta na mkaa ndoo moja. Hiyo ndoo naiandika kwenye hesabu.

Dada Neema: Baba Karim 😒

Baba Karim: Natania. Niko mlangoni kwa Bibi.

Mama Nasri: Sufuria ya kwanza imetoka! Dakika 20 hivi. Rangi si sare, mbili zina weusi pembeni, lakini ndani ni pamba. Na zina harufu fulani ya moshi ambayo oveni haitoi.

Mama Happy: Nakuja kuonja

Bibi Zuwena: Uje na hesabu ya 56 zako kwanza.

Mama Happy: ...54

Mama Nasri: Saa 5 hii usiku, umeme umerudi. Na sisi tumeshafunika ya mwisho.

JUMAMOSI

Dada Neema: Asanteni sana wote. Skonzi zimeisha kabla ya kitabu cha tatu. Vitabu nimekagua mwenyewe na mwalimu, kurasa kavu. Na Karim amesoma bila kusitasita, Baba Karim tumekuona ukifuta macho.

Baba Karim: Lilikuwa vumbi. Hesabu: imebaki 3,400, naitunza.

Mama Zai: Zai amekula skonzi 3 na kileja 1, na leo sikumkalia macho. Asanteni mno.

Bibi Zuwena: Mwalimu mkuu ameniomba kipimo cha vileja. Nimemwambia aje na unga wake.

Mama Zai: Halafu jamani, kawa langu la ukili ninalo, la kijani silioni. Aliyelichukua alirudishe, la mama mkwe hilo.

Mama Happy: Liko kwangu, limefunika skonzi 2 😅