Baada ya wiki 3 nasimama tena mbele ya wawekezaji, mara ya kwanza nilishindwa, naombeni msaada

mtunza_stoo:
Habari zenu wakuu. Tuna programu ya simu inayomsaidia mwenye duka la dawa kujua dawa gani inakaribia kuisha muda wake, ili aiuze mapema au airudishe kwa msambazaji kabla haijageuka hasara. Tumeijenga mimi na mwenzangu, saivi maduka 14 yanaitumia na kati ya hayo 9 yanalipia kila mwezi. Mwezi uliopita tulipewa dakika 5 mbele ya wawekezaji watatu, nikaanza na historia yetu tulivyokutana, nikaingia kwenye jinsi kamera inavyosoma tarehe kwenye boksi, muda ukaisha hata sijafika kwenye hela tunayoomba. Mmoja akauliza swali moja tu, "mteja mmoja unampata kwa gharama gani?" nikakaa kimya kabisa. Wakasema watatutafuta, mpaka leo kimya.

Sasa tumepata nafasi nyingine kwa watu wengine. Kinachoniuma ni kwamba kitu kinafanya kazi kweli, wenye maduka wenyewe wanatuambia, ila mimi ndo nashindwa kukisemea. Hivi kunadi biashara mtu anajifunzaje? Nikariri? Slaidi ngapi? Na nikiulizwa nisichokijua nisemeje?

Bi_Hesabu:
Pole mdogo wangu. Mimi ndo huwa nakaa kusikiliza, tuna kikundi chetu tunachanga hela tunaweka kwenye biashara changa, kwa hiyo nakwambia ninachokiona kila siku.

Soma tena ulivyoandika hapo juu. Kitu kikubwa kuliko vyote umekipitisha katikati ya sentensi: maduka 9 YANALIPA. Watu wengi wanaokuja kwetu wana wazo zuri na picha nzuri, wachache sana wana mtu aliyetoa hela yake mfukoni mwezi wa kwanza akatoa tena mwezi wa pili. Hiyo ndo inatakiwa kuwa sentensi yako ya kwanza au ya pili, kamera hata usiponitajia sitalala na njaa ya kujua.

Sisi tunaoweka hela mwanzoni tunajua biashara nyingi tunazowekeza zitakufa, chache tu ndo zinarudisha hela ya zote. Kwa hiyo wakati unaongea mimi kichwani naulizia vitu viwili, je hiki kinaweza kukua kikawa kikubwa sana, na je huyu anayeongea anaijua biashara yake? Lile swali la gharama ya mteja ni la hicho cha pili. Hesabu yake sio ngumu, chukua kila ulichotumia kutafuta wateja, nauli, vocha, matangazo, na siku zako mwenyewe uzipe thamani, gawanya kwa wateja wapya wanaolipa. Tuseme ulitumia 900 ukapata 9, kila mmoja amekugharimu 100. Kama analipa 20 kwa mwezi basi unahitaji miezi 5 kurudisha tu hela ya kumpata, na akiondoka mwezi wa nne umekula hasara hata kama wateja wanaongezeka. Ukija na hiyo namba, hata kama ni mbaya, nitakusikiliza. Na usije na ile ya "soko ni kubwa mno, tukipata asilimia 1 tu tunatajirika", haituambii huyo mteja wa 15 atatoka wapi.

fundi_pembeni:
Bi Hesabu kaongea vizuri, mimi nigusie mazoezi. Usikariri yote kaka, ukisahau neno moja unapotea lote. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho basi, katikati ongea kama unavyomweleza mwenye duka. Jirekodi na simu alafu ujisikilize, inauma lakini utashangaa, mimi niligundua natumia dakika nzima kusalimia na kushukuru waandaaji. Alafu mweleze mtu asiyejua chochote kuhusu dawa, ukimaliza mwambie akurudishie kwa maneno yake. Atakachokirudisha ndo hicho mwekezaji ataondoka nacho, kama hakijafanana na ulichotaka kusema rekebisha.

Slaidi, kuna ile kanuni ya Guy Kawasaki, mwekezaji na mwandishi wa Marekani, ya 10/20/30, slaidi 10, dakika 20, maandishi yasipungue saizi 30. Wewe una dakika 5 kwa hiyo 10 ni nyingi, 5 au 6 zinatosha. Na tengeneza mafaili mawili, la kuongelea liwe na maneno machache sana, la kuwatumia baadaye liwe na maelezo maana wewe hutakuwepo kuelezea.

kimya_kimya:
Usisahau kuwasainisha mkataba wa kutunza siri kabla hujafungua mdomo, wasije wakakuibia wazo.

Bi_Hesabu:
Hapana ndugu yangu, hapo utampotezea nafasi. Wawekezaji wengi hawasaini huo mkataba kwenye kikao cha kwanza, wanasikia mawazo yanayofanana kila wakati. Asichotaka kijulikane asikiseme tu, kwa mfano majina ya wateja wake.

nusu_hisa:
Hela unayoomba itaje na uiseme ya kazi gani na itakufikisha wapi, "miezi 18, maduka 200" kwa mfano, sio "tunatafuta msaada". Na ujue hesabu ya hisa kabla hujaingia. Ukiomba 100 kwa asilimia 20 umesema kampuni ina thamani ya 500 baada ya hela kuingia, yani 400 kabla, na lazima uweze kuitetea hiyo 400.

Na wakikataa usivunjike moyo. Mwaka 2008 waanzilishi wa Airbnb, ile kampuni ya kupangisha vyumba na nyumba kwa wasafiri mtandaoni, walitambulishwa kwa wawekezaji 7, walikuwa wanatafuta dola 150,000 kwa thamani ya kampuni ya dola milioni 1.5, watano wakakataa na wawili hawakujibu kabisa. Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi hao, alikuja kuziweka hadharani baadhi ya zile barua pepe za kukataliwa mwaka 2015.

Usichokijua sema "hiyo namba sina, nitakutumia kesho jioni" alafu itume kweli kesho jioni.

mtunza_stoo:
Asanteni sana jamani. Nimeandika upya mwanzo: "Kila duka la dawa linatupa dawa zilizoisha muda, hasara inabaki kwa mwenye duka. Maduka 9 yanatulipa kila mwezi ili hasara hiyo isitokee." Sekunde 15 nimepima.

Bi_Hesabu:
Hapo sasa nakusikiliza. Swali la kwanza nitakalokuuliza: hayo 5 yasiyolipa, kwa nini?

mtunza_stoo:
Nimepiga simu matatu leo. Mawili, anayetumia programu ni muuzaji na mwenye duka hata hajawahi kuifungua, kwa hiyo haoni anachookoa. Moja kasema hana dawa nyingi, anazikumbuka kichwani. Kesho naenda mwenyewe kwa hayo mawili yaliyobaki.