Mchezo nilioulipia laki na nusu umeniita mwizi mbele ya mpwa wangu

Mjomba wa Segerea

Wakuu, naandika mikono bado inanitetemeka, na maneno yakinizidi mnisamehe, maana saa moja iliyopita nimetukanwa sebuleni kwangu, na aliyenitukana ni mchezo wa kompyuta ambao fedha yake niliitoa mimi mwenyewe. Kampuni yenyewe siitaji, kwani hakuna mcheza gemu humu asiyeijua. Ni wale wale ambao kila mwaka hutuuzia mchezo ule ule, wakabadilisha namba ya mbele, nasi tukapanga foleni.

Mpwa wangu amekuja kutoka Morogoro kwa likizo. Ana miaka kumi, na mama yake anasema njia nzima ndani ya basi hakuzungumzia kitu kingine. Nikamkalisha, nikampa padi ya kuchezea, nikawasha. Badala ya mchezo kikafunguka kisanduku cheupe katikati ya skrini, kikieleza kwamba umiliki wangu haukuweza kuthibitishwa na kwamba nikitaka kuendelea ninunue nakala halali. Mtoto akakisoma chote kwa sauti, kisha akanigeukia akaniuliza: "Mjomba, kwani hukulipa?"

Nimelipa! Nimelipa laki moja na nusu na ushee, niliyoikusanya miezi miwili. Nimetengeneza kadi ya malipo kwenye simu, ikakataliwa mara ya kwanza, ikakubaliwa ya pili. Kisha nikabeba kompyuta hadi kwa rafiki yangu Mikocheni mwenye faiba, kwa sababu mchezo una gigabaiti zaidi ya sabini na kwa bando la simu ningeendelea kuupakua hadi mtoto huyu aoe.

Kosa langu ni kwamba wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mothabodi ikaungua. Leo tangu asubuhi fundi wangu wa Kariakoo alikuwa akijaribu mothabodi na prosesa tofauti hadi zikapatana, na kila alipowasha alifungua mchezo huo kuona kama unakwenda sawasawa. Kumbe kufuli lililofichwa ndani ya mchezo halimjui mtu, linajua vifaa tu: linachukua alama za prosesa, mothabodi na Windows, linazipeleka kwenye seva yao, nayo inarudisha kibali cha mashine hiyo moja. Ukibadilisha kifaa, kwao hiyo ni kompyuta nyingine. Kwa hesabu yao, basi, mimi ni tajiri wa kompyuta sita ninayewagawia majirani mchezo kama ubwabwa wa shughuli. Nilinunua bando nikajaribu upya, nikajibiwa kwamba mashine zilizotumika leo zimezidi idadi inayoruhusiwa, nisubiri saa 24.

Ng'ambo ya ukuta, kijana wa jirani anaucheza mchezo huo huo tangu Jumatatu, uliochakachuliwa, aliouziwa kwenye flashi kwa elfu tano. Haulizwi chochote wala hahitaji intaneti. Wakati mtoto ananiuliza swali lile, milio ya mchezo ilikuwa inaingia kwa dirishani kwangu kutoka kwake.

Sina hoja ndefu. Nataka kujua ningemjibu nini. "Mjomba, kwani hukulipa?" Mbele ya mtoto, wakuu!

Kipepeo wa Mbezi

Pole sana mkuu. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Gemu ya Spore ya kampuni ya EA ilipotoka Septemba 2008 ilikuwa na kufuli la SecuROM lililomruhusu mnunuzi kuiwasha kwenye kompyuta tatu tu, na ukibadilisha mashine mara nyingi ilibidi upige simu kuomba ruhusa ya kutumia mali yako. Watu walikasirika wakaipa nyota moja moja kwa maelfu kwenye duka la Amazon, hadi EA ikapandisha idadi ikawa tano. Nakala za wizi zilikuwa zimekwisha kusambaa kabla hata ya siku ya kutoka. Waliobaki wakibanwa ni wale waliopitia dukani na kulipa.

Chuma Chakavu

Mleta mada, hii ni chai, na kama si chai basi umejitakia. Mtu mzima unatoka Segerea hadi Mikocheni na kompyuta mapajani, fundi wako yupo Kariakoo ambako mchezo huo unauzwa elfu tano, halafu unarudi nyumbani kunung'unika mbele ya mtoto. Gemu ya Resident Evil Village ya mwaka 2021 iliyovunjwa kufuli ilikuwa inateleza kuliko ile ya dukani, ambayo ilikwama kwama kila ulipompiga risasi adui, mpaka Capcom, wenye gemu hiyo, wakatoa marekebisho mwezi Julai. Wewe unatoa laki na nusu ili upate kilicho duni? Mwambie mpwa wako ukweli, kwamba ulilipa na hukupaswa kulipa.

Mjomba wa Segerea

Chuma Chakavu, nililipa kwa sababu wapo watu waliokesha miaka wakiutengeneza mchezo huo, na nilitaka mtoto yule akue akijua kwamba kazi ya mtu hulipiwa. Ndiyo maana swali lake limenichoma. Angekuuliza wewe usingesikia kitu, maana kweli hukulipa. Mimi nililipa, na bado nikasomewa hukumu nyumbani kwangu, mtoto akiwa ameshika padi mkononi inayowaka taa bila kazi.

Mwandika Programu

Nitasema lisilopendwa. Mimi natengeneza michezo midogo ya simu hapa Sinza, na mchezo wangu wa kwanza ulikuwa unagawiwa bure kwenye makundi ya Telegram siku ya nne baada ya kuutoa. Niliziona namba za mauzo zikisimama, na sikulala. Kampuni kubwa huvuna sehemu nzuri ya mapato yake katika wiki za mwanzo, na kazi ya kufuli kama Denuvo ni kuchelewesha wezi katika wiki hizo. Hakuna fundi wa kufuli mwenye akili anayeahidi milele. Gemu ya Doom ilitoka Mei 2016 ikiwa nalo, na Desemba ya mwaka huo huo likaondolewa. Hilo nalielewa kabisa. Nisilolielewa ni kampuni inayoacha kufuli miaka na miaka baada ya mauzo kwisha, ikiendelea kumpekua mteja wake.

Binti Pugu Road

Mwandika Programu, pole kwa hasara, ila mbona wapo wasioweka kufuli na wanaishi? Duka la GOG la wale Wapolandi wa CD Projekt lilifunguliwa 2008 kwa kuuza michezo isiyo na kufuli hata moja, na The Witcher 3 yao wenyewe waliiuza humo hivyo hivyo mwaka 2015. Unapakua, unaweka kwenye diski yako ya nje, umeme ukate, intaneti ife, mothabodi iungue, mchezo unabaki wako. Mchezo huo ulinunuliwa na mamilioni ya watu ambao wangeweza kuupata bure.

Mwandika Programu

Jina kubwa linalindwa na jina lake, dada. Mimi sina jina.

Mzee wa Upanga

Nimewasoma wote kwa subira, na naona mleta mada analilia saa 24, ambazo kesho saa kama hizi zitakuwa zimekwisha. Mimi nina kasha la diski halisi, michezo kumi na saba, niliyoinunua kati ya mwaka 2001 na 2007, mingine nikiagiza kwa ndugu aliyekuwa Uingereza. Vitabu vyake vya maelezo vipo na namba za siri zimebandikwa. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 haikukubali tena makufuli ya SafeDisc na SecuROM ya diski za zamani, kwa maelezo kwamba programu zake zilijikita ndani mno ya kompyuta na kuacha tundu la wavamizi. Tundu hilo sikulitoboa mimi! Walilitoboa wao ili kunilinda nisiwaibie, kisha likazibwa na michezo yangu ikazikwa humo humo. Sasa nikitaka kucheza mchezo nilioununua kwa fedha halali, natakiwa nikatafute faili la wezi la kuruka ukaguzi wa diski. Nina umri wa miaka 54, na hiyo ndiyo njia pekee niliyoachiwa.

Kipepeo wa Mbezi

Mzee wangu, shikamoo. Wewe angalau unalo faili la kutafuta. Walionunua mchezo wa magari wa The Crew hawana hata hilo la kushika, kwani wenye mchezo, kampuni ya Ubisoft, walizima seva tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa mchezo ulitaka intaneti hata ukiwa unaendesha gari peke yako, siku hiyo ukafa kwa wote. Ndipo ilipoanza kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua michezo, ambayo huko Ulaya imevuka sahihi milioni moja.

Mzee wa Upanga

Marahaba. Lakini mwanangu, aliyenunua kitu kinachotegemea seva alipaswa kujua kwamba ipo siku itazimwa. Diski nimeishika mkononi, haikuniahidi seva yoyote. Kilio changu hakifanani na hicho.

Kipepeo wa Mbezi

Hapana mzee, kwa heshima zote. Kwenye kasha hawakuandika siku ya kufa. Mtu akikuuzia baiskeli, halafu baada ya miaka kumi aje usiku aichukue kwa kuwa amechoka kuilinda, utasema ulipaswa kujua?

Chuma Chakavu

Nyote wawili mngekuja Kariakoo msingekuwa mnagombana. Mzee, hiyo michezo yako kumi na saba naweza kukuwekea yote kwenye flashi moja kabla ya adhuhuri.

Mzee wa Upanga

Kijana, sitaki kuwekewa. Nataka diski yangu isome.

Mjomba wa Segerea

Wakuu, naomba turudi kidogo. Mtoto amelala bila kucheza. Kabla ya kulala ameniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini kama anayenionea huruma, kama tunaweza kwenda kulipa kesho. Nimemfungulia simu nikamwonyesha ujumbe wa malipo, tarehe na kiasi, naye akausoma, akatikisa kichwa, akasema: "Basi wao ndio hawajui." Nimenyamaza. Kuna mtu amewahi kuwaandikia kitengo cha wateja akajibiwa kabla ya saa 24 kwisha?

Binti Pugu Road

Mzee wa Upanga, samahani kwa kuuliza: humo kwenye kasha lako kuna ile michezo ya zamani ya kujenga miji? Kama ipo, usiitupe. Baadhi ya michezo ya miaka hiyo inauzwa upya GOG ikiwa imeondolewa kufuli la diski, angalia jina moja moja.

Mzee wa Upanga

Ipo miwili. Lakini nitainunua mara ya pili kitu nilichokwisha kukinunua? Hebu niambie kwanza kama mnajua anayeuza kompyuta ya zamani yenye Windows XP na kisomea diski kinachofanya kazi, maana cha kwangu kinatema diski.

Chuma Chakavu

Ipo moja Gerezani, mzee. Njoo Jumatatu asubuhi, na uje na diski zako tuzijaribu hapo hapo.