Neno "bow" kwa Kijerumani, kwanini nimeletewa Schleife badala ya upinde?

gaidi_wa_karatu
Habari za jioni wakuu. Mimi ni gaidi wa watalii (gaidi wa kuongoza wageni jamani, sio yule mwingine), napeleka sana wageni Ziwa Eyasi kuwaona Wahadza. Kiingereza nipo vizuri, Kijerumani ndo najifunza mwenyewe kwa simu. Sasa wiki iliyopita nilikuwa na Wajerumani wanne, nikasema ngoja niwafurahishe, usiku nikachukua maelezo yangu ya Kiingereza nikayatafsiri kwa app neno moja moja, nikakariri. Asubuhi nimesimama pale kifua mbele nawaambia "die Hadza jagen mit der Schleife". Wakatazamana. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, kama ile ya kwenye zawadi? Wakacheka mpaka yule mzee wa Kihadza na yeye akacheka bila kujua tunacheka nini. Kumbe nimewaambia Wahadza wanawinda kwa utepe!! Naomba kueleweshwa, upinde kwa Kijerumani ni nini, na hii "bow" ina maana ngapi jamani.

mama_wawili_hamburg
Pole kaka, nimecheka hadi mtoto kaamka 😂😂 Upinde ni der Bogen. Schleife ni lile fundo la utepe la kwenye zawadi au nywele za mtoto wa kike. Kosa sio lako, ni la Kiingereza, kimebebesha neno moja mizigo mingi. Ukiliandika lenyewe bila sentensi app inabahatisha tu. Siku nyingine andika "bow and arrow" kwa pamoja, itakuletea Pfeil und Bogen. Angalia hapo wenyewe wanaanza na mshale ndo upinde, ukigeuza watakuelewa ila sikio litawawasha. Na faida nyingine, kwenye hiyo "mit Pfeil und Bogen" hakuna der wala dem, umeshakwepa mtego wa artikeli, vile vineno vinavyotangulia jina.

kijana_wa_A2
Mkuu mi nilifundishwa bow ni Verbeugung, sasa hiyo Bogen imetokea wapi

mwl_mstaafu_tanga
Kijana, hapo unachanganya maneno mawili yanayoandikwa sawa ila hayasomwi sawa. Ikisomwa "boo" ni silaha, ni utepe, au ni kile kijiti cha kupigia fidla. Ikisomwa "bau" ni kuinama kwa heshima, hiyo ndo Verbeugung yako, au ni sehemu ya mbele ya meli, ambayo sisi watu wa pwani tunaiita omo na Mjerumani anaiita der Bug. Hiyo Bug ukiingia nayo buchani Ujerumani ni nyama ya bega, na ndio asili yake, kwamba mbele ya chombo panapanuka kama mabega.

Sasa utamu uko kwenye Bogen. Imetoka kwenye biegen, maana yake kupinda. Na upinde wetu umetoka wapi? Kupinda! Watu wawili ambao hawakuwahi kukaa baraza moja wameutazama mti ule ule wakaupa jina kwa sababu ile ile. Halafu ile rangi rangi ya angani baada ya mvua sisi tunasema upinde wa mvua, wao Regenbogen, Regen ni mvua, yaani neno kwa neno. Kiwiko ni Ellbogen, kwa sababu ndipo mkono unapopindia. Kwahiyo gaidi wangu wewe ukiwa umesimama Eyasi fikiria kwa Kiswahili tu, ukipitia Kiingereza unapotea njia.

mama_wawili_hamburg
Shikamoo mwalimu, hiyo ya kupinda sikuwahi kuiwaza na miaka yote hii nipo huku. Niongezee, ukienda ofisi yoyote huku utapewa Fragebogen ujaze, sio silaha hiyo, ni karatasi ya maswali, maana Bogen ni karatasi pia. Na mtu akizidisha mambo wanasema amekaza upinde kupita kiasi, den Bogen überspannen. Bosi wangu ananiambia hivyo kila nikiomba likizo. Na ile tai ya kipepeo ya bwana harusi, ambayo Mwingereza nayo kaiingiza kwenye bow, huku ni Fliege, yaani nzi. Kwahiyo bwana harusi anaenda kanisani na nzi shingoni.

kijana_wa_A2
Marahaba yake mwalimu ataitoa mwenyewe ila mimi nzi shingoni sivai 😂 Wingi wake je? App moja inasema Bogen nyingine Bögen

mama_wawili_hamburg
Zote sawa mdogo wangu. Bögen ni zaidi ya kusini na Austria, huku kwetu kaskazini utasikia Bogen. Usikoseshwe usingizi na nukta mbili.

gaidi_wa_karatu
Shukrani zote zimfikie mwalimu, shikamoo na mimi. Nimeandika upya, naomba mnisahihishie: "Die Hadza jagen mit Pfeil und Bogen." Ila bado ule uzi wa upinde, maana wageni wanaushika shika sana wanauliza ni nailoni, na sio nailoni, ni kano za mnyama.

mwl_mstaafu_tanga
Marahaba mwanangu. Huo uzi kwa Kiswahili ni upote, vijana mmeshaliacha neno. Kwa Kijerumani ni die Sehne, na Sehne hiyo hiyo ndio kano ya mwilini. Kwahiyo ukitaja neno moja ushawajibu na swali lao. Podo, ule mfuko wa kubebea mishale, ni Köcher.

gaidi_wa_karatu
Aisee asante. Sentensi imenyooka. Imebaki moja tu, vyuma vya mishale wanavipata kwa wahunzi wa Kidatoga, hiyo nitaisema kwa Kiingereza, ila wanavipaka sumu ya lile waridi la jangwani. Sumu kwa Kijerumani ni nini?

mama_wawili_hamburg
Gift.

gaidi_wa_karatu
Dada usinitanie, gift si zawadi?

mama_wawili_hamburg
Kwa Kiingereza. Kwa Kijerumani das Gift ni sumu, mshale wa sumu ni Giftpfeil. Zawadi ni Geschenk. Na ole wako umwambie yule mama umemletea Gift.

gaidi_wa_karatu
Wakuu. Siku ile wakati tunaagana nilimpa shanga.