Wanapokea vipimo vya kujipima VVU ila hawavitumii, tatizo liko wapi?

Mhudumu_Mafinga: Wakuu, habari za kazi. Huku Mufindi vijana wa mashamba ya chai na wapasua mbao hawakatai vipimo vya kujipima vya mdomoni, hasa wanaume wasiopenda foleni ya zahanati. Shida wanaviweka tu. Wanasema mate hayawezi kuonyesha VVU, au “nikikuta mistari miwili usiku huo nitaanzia wapi?” Mnawaelezaje? Na baridi hii haiharibu kipimo?

Maabara_Njombe: Shaka ya mate ni halali. Miaka yote tumewafundisha kuwa mate hayaambukizi, leo tunawapa kijiti cha mdomoni! Waeleze kuwa kipimo hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo zimo kwenye majimaji ya fizi. Ndiyo maana kijiti hupitishwa kwenye fizi tu, ya juu mara moja na ya chini mara moja. Ulimi na mashavu visiguswe.

Baridi ni hoja ya kweli. Kipimo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 30, ila kutumika ni 15 hadi 37. Asubuhi ya Juni huku Njombe au Makete chumba hushuka chini ya hapo. Asubiri mchana, pakiti ikae chumbani hadi ubaridi uishe. Asiipashe jikoni.

Kabla ya kupima asile wala kunywa kwa dakika 15. Kama amepiga mswaki kwa dawa ya meno, dakika 30. Afungue kichupa kwanza na kukisimamisha kwenye kishikizo, asimwage majimaji yake. Ndipo atoe kijiti bila kugusa pedi yake, ile ncha inayopita kwenye fizi. Akishakipitisha kwenye fizi na kukitumbukiza kichupani, asome kati ya dakika 20 na 40. Wengi huharibu hapa: wanachungulia dakika ya tano wanashangilia, au wanasoma kesho yake. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) ukitokea peke yake ni hasi. C na T (mstari wa majibu), hata T ikiwa hafifu, aende kituoni. C isipotokea, kipimo kimeharibika, achukue kingine.

Mshauri_Mbeya: Hayo yanamtosha asiyeogopa. Huyo wa “nitaanzia wapi” mpe jibu kabla hajafungua pakiti: kituo gani, siku gani, amuulizie nani. Wa Mafinga anaweza kupendelea Makambako au Iringa mjini asikutane na jirani, mwache achague. Ajue mistari miwili siyo jibu la mwisho, kituoni atapimwa tena kwa damu, na ikithibitika dawa ni bure.

Usianze na takwimu. Utafiti wa 2022/23 ulikuta watu wazima wenye VVU Njombe ni asilimia 12.7 na Iringa 11.1, taifa 4.4. Ukimtajia mtu hizo kwanza, anajihesabu amekwisha. Wala usimdai arudishe kijiti. Hapo ndipo utayari unapokufa.

Anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) usimpe, kinaweza kumdanganya kuwa hana. Aliyejiweka kwenye hatari ya kuambukizwa ndani ya saa 72 zilizopita awahi kituoni apewe dawa za kinga. Saa hizo zikishapita, jibu hasi halitoshi mpaka ipite miezi mitatu tangu siku ya hatari.

Mhudumu_Mafinga: Na wasiojua kusoma?

Maabara_Njombe: Karatasi ya maelekezo ina picha. Fungua kipimo kimoja cha kuonyeshea mbele yao, na wasome majibu kwenye mwanga wa mchana. T hafifu haionekani kwa kibatari.