Mjadala: Wasanii wenye ulemavu wachore ukumbi pamoja na msanifu, au rampu inatosha?

Mtoa hoja, Goma: Ukumbi wa sanaa ukijengwa hapa kwetu, mwenye ulemavu huitwa siku ya kukata utepe. Nasema aitwe kabla ya msingi, awe msanii mwenye mkataba na malipo. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na kifungu cha 4 kinataka washirikishwe. Nani anapinga?

Injinia, mtaa wa Himbi: Mimi. Pesa ni kidogo, vipimo vinajulikana: rampu 1 kwa 12 (kimo cha mita 1, urefu mita 12), mlango wa sentimita 90, choo ambamo kiti cha magurudumu kinageuka kwenye duara la mita 1.5. Mwimbaji ataongeza nini?

Mchongaji, mtaa wa Katindo: Injinia, vipimo hivyo vilindwe. Baraza la kimo cha sentimita 45 linadai rampu ya mita 5.4, mafundi wakiibana iwe mita 2 kuokoa mawe, kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Lakini rampu inaishia mlangoni. Ndani kuna plasta laini, vigae chini na mabati juu: sauti inagonga huku na huku, asiyeona hajui tena msemaji yuko upande gani. Mvua ikinyesha, hakuna anayesikia. Mwanamuziki asiyeona hulitambua hilo kwa kupiga makofi tu. Angetaka ukuta wa nyuma ubaki jiwe la volkano bila plasta, maana uso wake usio laini hutawanya sauti, na dari iwekwe chini ya mabati.

Mchezaji ngoma kiziwi naye angepigania sakafu ya mbao juu ya viunzi, apate mtikisiko wa ngoma miguuni. Zege lililomwagwa juu ya lava halimpi kitu. Goma tunaidharau mbao bure! Mianya tu isizidi milimita 5, ncha ya fimbo isinase.

Mama wa chama cha wenye ulemavu, mtaa wa Birere: Kweli, ila msanii mmoja si wote. Njia ya kokoto inayomwongoza asiyeona hutikisa kiti cha magurudumu. Iwe pembeni, upana sentimita 60, ibaki mita 1.2 laini. Na msimamizi awepo siku ya kumalizia: fundi akiona mkwaruzo hudhani ni kazi mbovu, anapitisha mwiko, njia imefutika.

Injinia: Na asiyeona atasomaje ramani?

Mchongaji: Kamba iliyogundishwa juu ya kartoni, kipimo 1 kwa 50 (sentimita 2 kwa kila mita), penye mlango acha pengo. Chris Downey, msanifu wa eneo la San Francisco, Marekani, aliyepoteza uoni mwaka 2008, aliendelea na kazi kwa ramani za kuguswa. Kisha chora vyumba kwa chokaa kiwanjani, ukubwa kamili, watu wapite na fimbo na viti vyao. Chokaa inahamishwa kwa dakika chache. Ukuta wa jiwe ni nyundo.

Injinia: Hilo nakubali. Malipo yatoke fungu gani?

Mama wa chama: La mwenye jengo, mstari wa peke yake kwenye makadirio. Yakifichwa ndani ya fungu la msanifu, simenti ikipanda bei yatakatwa ya kwanza.